Meneja na pipa la muhogo

Jumatatu, Kasulu.

Nimechoka, lakini hili niliandike. Pale kiwandani hakuna anayejua kuloweka muhogo wa udaga, ule unaochachushwa kabla ya kukaushwa na kusagwa unga, kunishinda mimi. Nikiubonyeza tu najua kama umelainika, umeiva.

Leo meneja mpya, Bi Zawadi, kaniomba tena niwafundishe wenzangu.

"Mzee wangu, ukiugua, kiwanda kilale?"

"Nikishawafundisha, mtanirudisha nyumbani?"

Mameneja wa kabla yake waliapa hawatanifukuza. Sikuwaamini, sikuwaonyesha kitu. Huyu hakuapa.

"Sijui, mzee. Wenye kampuni ndio wanaoamua. Mimi nitakutetea."

Bado naogopa, maana nyumbani nitakula nini? Ila hakunidanganya.

Nikamwambia akunje mikono ya gauni. Akatumbukiza mkono kwenye pipa linalonuka, wenzangu wote wanatazama, akabonyeza muhogo.

"Huo bado," nikamwambia. "Shika mwingine."