Gazoni ya Appolinaire

Jumatatu, 5 Agosti 2013

Mume wangu Appolinaire amerudi kutoka Mbarara na ugonjwa. Si malaria. Ni gazoni.

Alikwenda mtaa wa Kamukuzi kumwona baba yake Musoni, kijana anayetaka kumwoa binti yetu Eliane. Mzee huyo anaitwa Rwakabuba. Alikuwa mwanajeshi kule kambi ya Makenke mpaka akastaafu, na watu bado wanamwita Afande. Wamekubaliana: Jumamosi ya tarehe 24 familia yao inakuja hapa kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kuposa.

Mimi nilitaka kujua watakuja wangapi, wanakula nini, huyo mama ana uso gani. Appolinaire? Gazoni tu, yaani majani! Uwanja wote wa Afande ni majani mafupi, ya kijani, sawasawa kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Mama Eliane, iko sawa nywele ya mutoto muchanga! Banaweka viti juu yake. Banakunywa jusi juu yake. Mu kiatu haingie hata vumbi!"

Nikamwambia sisi vumbi tunalo la kutosha, wageni watazoea. Alikaa kwenye kizingiti akitazama uwanja wetu mwekundu kama mtu anayetazama maiti.

Alhamisi, 8 Agosti

Amekuja Constantin. Tunasali naye kanisa moja. Huyu mtu anatengeneza simu, anauza sungura, anatoa meno — na leo tumejua kwamba pia ni bingwa wa gazoni! Anasema ndiye aliyepanda ile ya hoteli kubwa ya Mbarara. Hoteli gani? Kubwa.

Akapima uwanja kwa hatua zake. Akiwa kimya hatua zinakuwa fupi, akianza kujisifu zinakuwa ndefu. Alipofika karibu na jiko akasimama.

"Hii lengalenga itatoka."

Lengalenga yangu! Niliyoikuza kwa maji ya kuoshea vyombo, kiangazi chote! Nikamtazama Appolinaire. Appolinaire akatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

"Mboga inapatikana kila fasi," akasema.

"Basi na majani inapatikana kila fasi. Nenda ukakae huko kwenye iko."

Imetoka. Jioni tumekula bugali na lengalenga. Yote.

Jumatatu, 12 Agosti

Gazoni imefika! Pikapu nzima, vipande vya mraba vimepangwa kama mikate, udongo chini, majani juu. Kartié yote, mtaa mzima, ilikuja kuangalia. Mzee mmoja akauliza ng'ombe wenyewe wako wapi.

Nilidhani watalima kwanza, watoe mawe, wasawazishe. Uwanja wetu unateremka kuelekea kwa jirani yetu Mukarukundo, kila mtu anajua, ukimwaga maji hapa yanamsalimia yeye. Nikamwambia Constantin.

"Mama, majani haina macho. Haione kama chini kuko mawe."

Akatandika. Juu ya mawe, juu ya vipande vya matofali, juu ya mashina ya lengalenga yangu. Kipande na kipande havikutani, katikati unaingiza mkono mzima. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Akala kuku, akabariki nyumba, akaondoka kwa bodaboda.

Appolinaire anatafuta sandali yake ya kushoto. Karibu na mlango pana kinundu kirefu kwenye gazoni. Sijamwambia.

Jumanne, 13 Agosti

Asubuhi nimetoka na chai kutazama vizuri. Kuna mstari mweupe.

Mstari wa chokaa. Unaanzia jikoni, unakatika, unatokea tena kwenye kipande kingine ukielekea chooni, halafu kimoja kina mviringo kidogo. Eliane akainama, akacheka mpaka akaketi chini.

"Papa, hii ni kona!"

Ni kiwanja cha mpira! Mahali fulani kuna watoto wamefika leo kucheza wakakuta kona haipo. Appolinaire akampigia simu Constantin, akaweka sauti ili wote tusikie. Constantin akasema ile ni dawa ya wadudu. Na kile kipande kilicholala kifudifudi, mizizi juu?

"Ile ni tekniki, ndugu yangu. Inapumua."

Appolinaire akakata simu. Kisha akasema meza ya wageni itawekwa juu ya kona.

Ijumaa, 16 Agosti

Jua kali. Gazoni inakunywa kuliko familia nzima. Asubuhi nimepanga foleni bombani na majerikani yangu, na wanawake wameshasikia. Mmoja akauliza kwa upole kabisa kama majani yamelala vizuri. Mwingine akauliza kama tutaanza kuyapikia uji.

Mukarukundo alikuwa mbele yangu. Yeye hacheki ovyo. Akasema tu kwamba yeye mbuzi wake anawapeleka mbali kutafuta malisho, na mimi nayaleta malisho nyumbani na kuyanywesha, labda mimi ndiye mwenye akili. Mbuzi wake nao leo wamesimama kwenye ua tangu asubuhi. Wanatazama. Hawalii hata.

Nina hasira. Maji ya kufulia yamekwisha. Shati la Appolinaire la Jumapili halijafuliwa — avae gazoni!

Jumapili, 18 Agosti

Imeanza kuwa njano. Kwanza kingo, kama chapati iliyoungua. Kile kipande kinachopumua kimeacha kupumua. Constantin hakuja kanisani, na simu yake imezimwa.

Baada ya ibada nilimkuta Appolinaire uwanjani amepiga magoti, bado na tai shingoni. Nilidhani anasali. Kumbe anajaza udongo kwa mkono katika zile nafasi, moja moja.

Ninaandika hili kwa sababu limenikaa moyoni. Tangu tutoke kwetu Uvira, Kongo, tukafika Nakivale, mtu huyu amekataa kupanda hata mti mmoja wa avoka, yaani parachichi. Kila mwaka nilimwomba. Kila mwaka: "Itazaa lini? Tutaikula na nani? Mwaka kesho tuko Uvira." Maharagwe sawa, mahindi sawa, vitu vya kuvuna na kuondoka. Avoka hapana.

Nikamuuliza, "Na haya majani je? Haya tutayavuna lini?"

Hakuinua kichwa. "Eliane ataolewa hapa," akasema. "Banakuya kumutafuta hapa. Hawaendi Uvira."

Basi. Akaniomba kopo. Nilikuwa nimeficha jerikani moja ya maji nyuma ya mlango, ya kuoga. Nikaileta. Tumenyweshea pamoja, yeye upande wake mimi upande wangu. Eliane akapita akatutazama, akaingia ndani haraka. Nadhani alikuwa analia, au anacheka. Kwa msichana anayeposwa ni kitu kimoja.

Alhamisi, 22 Agosti

MVUA! Mwezi wa nane! Appolinaire alitoka nje na mikono juu, anaimba. Mimi pia niliimba kidogo.

Tukaacha kuimba. Kipande cha kwanza kilianza kutembea. Polepole, kwa heshima, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Kikafuata cha pili. Halafu safu nzima! Maji yalikuwa yanapita chini yake na yanaibeba. Appolinaire alijilaza juu ya vipande viwili, kila kimoja mkono wake, anapiga kelele tumletee mawe. Sandali yake ya kushoto ilimpita ikielea.

Mvua ilipokatika nusu ya gazoni ilikuwa kwa Mukarukundo. Imejipanga vizuri kabisa mbele ya mlango wake, kuliko ilivyowahi kujipanga kwetu.

Tukaenda kuomba. Mukarukundo akasema yeye hakuita mtu. Kitu kimekuja chenyewe, kimelala kwake, mbuzi wamekikaribisha. Walikuwa wanatafuna tayari! Appolinaire akasema haya ni majani ya mahari. Mukarukundo akauliza mahari ya nani, akaambiwa ya Eliane. Eliane ndiye aliyekuwa anamsomea dawa zake alipougua. Akawafukuza mbuzi kwa fimbo.

"Bebeni. Lakini ile yenye mbuzi wameshaonja, muniachie."

Ijumaa, 23 Agosti

Kesho! Nimepika tangu alfajiri. Samaki wa ziwani, sombe ya majani ya muhogo, kuku wawili, mchele.

Appolinaire amechonga vigingi kama vya kufungia maturubai ya shitingi, anapigilia gazoni chini, kipande kwa kipande. Ukitembea unajikwaa. Vipande havitoshi sasa, kwa hiyo ametandika vyote mahali watakapokaa wageni, na penye uwazi amemwambia Eliane aweke matawi ya kijani. Nimemwambia amwambie tu Afande ukweli: uwanja wetu ni wa udongo, tumeufagia, karibu. Akasema nitamtia aibu ya maisha yote kwa siku moja.

Nimevunja kigingi kimoja kwa kidole cha mguu. Kidole kimevimba.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika jikoni, nimesimama, kitabu juu ya mfuko wa mchele. Lazima niandike sasa hivi, kesho sitaamini.

Walifika na gari la kukodi, wamejaa. Afande Rwakabuba ni mrefu, ana koti la bluu, kofia na viatu vinavyong'aa. Mkewe ni mpole, alinikumbatia mara moja. Musoni alikuwa anatoka jasho kama anayekwenda kufungwa. Appolinaire akawaongoza kwenye viti. "Karibuni ku gazoni," akasema.

Wakakaa. Kila kiti kikazama upande wake. Mama Musoni akawa anamtazama mumewe kutoka chini, shangazi wa Musoni kutoka juu. Wakaendelea kutabasamu. Watu wenye adabu kweli! Afande akasimama kuanza hotuba. Akapiga hatua moja mbele, kama wanavyofanya wanajeshi, akakanyaga kwa nguvu.

Kigingi kiling'oka. Gazoni ikaondoka naye.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Alikwenda amesimama! Mikono kando, uso mbele, kama anayekagua gwaride, mpaka katikati ya mteremko. Hapo akaketi, na akaendelea akiwa ameketi. Ua wa Mukarukundo ndio uliomsimamisha. Mbuzi mmoja akaja kunusa koti.

Shangazi wa Musoni aliziba mdomo kwa kitenge. Eliane alikuwa ananishika mkono mpaka unauma. Nikajua posa imekwisha.

Appolinaire alishuka mbio, akasimama mbele ya mzee. Hakumpa hata mkono, alisahau.

"Afande, unisamehe. Hii majani ni ya bongo. Nilitaka muone kama na sisi tuko batu."

Majani ya uongo, alisema hivyo mbele ya wote. Mtu ambaye hawezi kukiri kwangu hata kwamba chumvi imezidi.

Afande alikaa pale chini akamtazama. Kisha akachukua kipande alichokuwa amekikalia, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Nani naweka hii?"

"Ndugu mumoja wa kanisa."

"Huyu mtu mimi nataka kuona yeye," akasema. "Hii majani iko natembea kushinda askari yangu yote!"

Na akacheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na Musoni akacheka kwa woga, na Mama Musoni akafuta machozi. Appolinaire peke yake hakucheka, alikuwa analia. Afande alipomwona hivyo akaacha. Akainuka, akavua koti, akampa mbuzi — hapana, akalitundika kwenye ua, mbuzi akalichukua.

"Leta jembe," akasema. "Mimi siwezi ongea mambo ya mutoto na mutu yenye kulia. Tutengeneza hii kwanza."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Afande hajui kitu! Kwake Kamukuzi majani yalipandwa na mkewe, mkewe mwenyewe amenieleza hapa jikoni, mumewe hata kumwagilia hajawahi. Lakini anatoa amri. Anataka vipande vipangwe mstari kama askari, kwa urefu. Appolinaire anataka kwanza mfereji wa maji. Wamekwisha ng'oa kila kitu. Hakuna gazoni tena, kuna matope na wazee wawili wenye majembe, suruali zimekunjwa magotini.

"Mzee, wewe nachimba vibaya!"

"Afande, hapa ni kwangu!"

"Kama ni kwako, mbona majani iko kwa jirani?"

Mukarukundo ameleta sururu yake. Anasema wote wawili hawajui. Shangazi wa Musoni amevua viatu, anabeba mawe. Samaki wanapoa.

Eliane amekuja sasa hivi ameshika gauni lake juu lisiguse matope. "Mama, beshasema mambo yangu?"

Nikachungulia dirishani. Wameshika kipande kimoja, kila mmoja anavuta kwake. Ng'ombe hawajatajwa. Jina la Eliane halijatajwa.

"Bado, mwanangu. Beko ku mufereji."

Na tena kuna mawingu upande wa ziwa. Dereva wa gari amepiga honi, anasema mvua ikiwakuta hapa barabara itateleza hawatafika Mbarara leo. Amepiga tena. Musoni amekwenda kumwambia baba yake kwa adabu kwamba ni wakati wa kuondoka.

Afande hata hakugeuka. Amesema dereva aende kama anaogopa maji, arudi kuwachukua kesho, kwa sababu huu mfereji umepinda na yeye hawezi kuuacha umepinda.

Kesho! Wote hawa! Mama Musoni ameshasikia, ameshavua kilemba, ananiuliza kisu cha kukatia vitunguu kiko wapi. Nitawalaza wapi? Nimemtuma Eliane kwa Mukarukundo akaombe mikeka — na tone la kwanza limeanguka kwenye kitabu hiki.