Nani Atampima Nesi?

Jumatatu, 6 Juni
Theluji mlimani tangu alfajiri. Nzuri! Zahanati kimya, jiko la mafuta linawaka, nimekunywa motoho bakuli mbili, ule uji mchachu wa mama. Siku ingekamilika kama si hivi vipele ubavuni. Vimejipanga mstari, vinachoma. Nimevitazama chooni kwa kioo cha poda. Mkanda wa jeshi! Mgonjwa akija navyo, mimi huyuhuyu humwambia: mama, twende tukapime ukimwi, usiogope. Haya, Nthatuoa, twende basi! Wapi? Hapa tunaopima ni mimi na Khauhelo. Khauhelo nampenda, ila siri kwake haikai — ukimwambia asubuhi, jioni hata mbuzi wa kijiji wanajua. Mjini Maseru ni mbali, na barabara imefungwa na theluji. Kujipima mwenyewe? Mganga hajigangi.

Jumatano, 8 Juni
Khauhelo kaniuliza mbona natembea kama nimebeba yai kwapani. Nimemwambia nimelalia upande mbaya. Akasema nitafute mume wa kunigeuza. Mshenzi huyu! Tumecheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Kesho sina zamu. Naazima farasi wa mjomba, navuka mlima hadi zahanati ya ng'ambo. Huko hakuna anijuaye.

Alhamisi, 9 Juni
Hakuna anijuaye! Lo! Nimekaa foleni, blanketi hadi puani, bibi mmoja ananigawia mahindi ya kuchoma. Mlango ukafunguliwa — Tlalane! Tulisoma unesi pamoja, bweni moja. Akapiga kelele: "Nthatuoa! Wamekuleta unisaidie? Mungu mkubwa! Nesi mwenzangu kaenda kujifungua, nakufa peke yangu hapa!" Kabla sijafumbua mdomo nishavalishwa glavu. Bibi wa mahindi akawa wa kwanza kukaa mbele yangu. "Kumbe wewe ndiye nesi? Nilidhani mgonjwa mwenzangu, maana uso huna." Nikatoboa vidole vya watu hadi jua likazama. Mchana tumekula ugali na moroho, mboga zetu za majani, tukapiga soga za bwenini. Raha tupu, sisemi uongo. Nimerudi nimepima kijiji kizima isipokuwa mimi.

Jumapili, 12 Juni
Mkanda bado unachoma. Kanisani tumeimba hadi nikasahau. Alhamisi narudi kwa Tlalane, na safari hii sivai glavu ya mtu.

Alhamisi, 16 Juni
Naandika hapahapa kwa Tlalane, daftari mapajani. Nimemwambia hata kabla ya salamu: leo mgonjwa ni mimi, nipime. Nikainua blauzi aone. Akanipa mgongo, akaenda mlangoni. Nikajua ananihukumu. Kumbe! Akaufunga, akauliza polepole, wewe mara ya mwisho nani alikupima? Nikasema hakuna.

"Na mimi hakuna," akasema. "Nimwendee nani? Anayegawa dawa hapa ni shemeji yangu! Nitamtazama vipi?"

Machozi yakamtoka, na kicheko juu yake. Basi nikamtoboa kidole, naye akanitoboa. Moyo ukawa mwepesi ajabu, hata tukachemsha chai. Nje wanagonga. Mzee mmoja analalamika kwamba manesi wakikutana ni chai tu!

Vipimo viwili mezani. Kimoja mstari mmoja. Kingine miwili — virusi vipo. Tukatazamana. Kila siku tunaandika jina kwenye kipimo kabla ya damu. Kila siku! Leo hakuna aliyeandika. Cha kushoto cha nani? Yeye hakumbuki. Mimi sikumbuki.

Anasema turudie. Nimesema ngoja, tumalize chai kwanza. Mwenye virusi awe nani, dawa atazichukulia zahanati ya mwenzake, na aje mchana kweupe. Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono. Wake baridi, wangu pia. Sijui kwa nini siogopi kama nilivyodhani.

Ametoa vipimo vipya. Anaandika majina, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Ameanza na langu. Natoa kidole —