Jina Lako Nililompa Mnyama wa Mchezo

Mdogo wangu Kilufya,

Simu yako ninayo mimi. Kioo chake kimepasuka vilevile ulivyokiacha, na bado naifungua kwa alama uliyonifundisha ukiwa umelala, mkono umevimba hata vidole havikunjiki. Ulikuwa ukisema ugonjwa wa SS, huu wa selimundu, umekunyima mpira, shule na mke, lakini haujakunyima bando. Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki.

Unamkumbuka yule mnyama? Watu wa nchi nyingi, msiojuana hata kwa sura, mlikuwa mnamtunga pamoja kwa ajili ya mchezo wenu wa mapigano wa mtandaoni. Kila hatua mliipigia kura: kwanza awe wa namna gani, kisha nguvu zake, kisha mchoro, na jina mwisho kabisa. Wewe ulikuwa kitandani hapa mtaani kwetu Katuba, unaandika Kifaransa, simu inakigeuza kuwa Kiingereza. Ni wewe uliyependekeza kwamba pigo la kwanza, hata liwe kubwa vipi, lisimwangushe. Wakabishana siku tatu. Umeme ulipokatika nilikimbia na simu kwa jirani mwenye sola, maana ulikataa kula mpaka ujue kura zimekwendaje. Ulishinda, ukaniita yaya, mkubwa wako, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu uzidiwe.

"Yaya, kuya uone! Balikubali! Ile nyama haitaanguka mara ya kwanza."

"Na mara ya pili?" nikakuuliza.

"Ya pili ataanguka, yaya. Tusimudanganye."

Ulikufa kabla ya kura ya jina. Kilio kilikuwa hakijavunjwa, wanaume bado wamekaa nje kwenye viti vya kukodi, simu yako ikalia: leteni majina. Sheria yao niliijua, ulinisomea mwenyewe: jina la mtu haliruhusiwi. Nikaandika Kilufya. Walipouliza ni nini, nikajibu kwamba kwetu ndivyo tunavyoliita jiwe moja gumu la mgodini. Niliwadanganya wote hao bila kupepesa macho. Jina likashinda.

Sikuwaza ya nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma. Mke wa kaka yetu Jean alikuwa na mimba ya miezi minane, na jina lako lilikuwa linamngojea mtoto huyo. Babu alipoondoka ulilichukua wewe. Ulipoondoka wewe, lilikuwa lake. Ndivyo tunavyofanya, ili marehemu asiache kuitwa nyumbani. Mimi nikashindwa kungoja mwezi mmoja. Nilitaka nilione limeandikwa mahali, watu wanalitaja kama la mtu aliye hai. Tena nikamwonyesha mama kwa furaha, mjinga mimi.

"Ulipatia nyama jina ya mutoto wangu?"

Mama aliuliza bila kupaza sauti. Kaka Jean alichukua simu, akatazama pambano moja mpaka mwisho, akanirudishia.

"Bantu hata hatubajue beko banamupiga. Mutoto wangu hawezi kubeba jina ya vile. Imeisha, c'est fini."

Nilipiga magoti. Nikasema nitawaandikia wale watu ukweli ili walifute. Akasema jina likishatolewa limetolewa. Mtoto amezaliwa, wa kiume, ana masikio yako. Wamemwandikisha kwenye ofisi ya komini kwa jina la upande wa mama yake, na tukiwa naye hakuna anayekutaja.

Kwa hiyo umebaki kwa mnyama tu. Watu wanakuita kila saa, kwa matamshi ya ajabu, wanakutanguliza mbele kwa sababu unastahimili pigo la kwanza. Nafungua simu natazama. Pigo la pili likikaribia natamani kufumba macho, lakini naangalia tu, kama nilivyokuangalia wewe siku zile za mwisho. Nimekukosea, mdogo wangu. Nilitaka nikuweke mahali pazuri, nikakuweka mahali pa kupigwa.

Jana mama alikuwa uani anachambua majani ya muhogo ya sombe, nami nimeketi karibu naye na simu yako. Tangu siku ile hakuwahi kuutaja mchezo. Aliendelea na majani yake, hakuniangalia.

"Leo balimupiga?"

Nilikuwa nimetoka kutazama. Mapambano manne, na yote manne uliangushwa.

"Apana, mama. Leo alisimama."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza fungu lingine. Najua kesho ataniuliza tena, na kesho kutwa, nami nitamjibu hivyohivyo mpaka mmoja wetu achoke.

Pumzika, Kilufya, kama watakuacha upumzike.

Yaya wako