Kamati ya Safari ya Watu Wawili

Bibi yangu, shikamoo kutoka ndani ya soksi jozi tatu.

Hapa Stockholm, Baba Mdogo na Mama Mdogo wanapanga kwenda kuteleza kwenye theluji, katika hoteli kubwa ya milimani, wao wawili tu, kwa mara ya kwanza tangu waoane. Kosa la Baba Mdogo ni kuomba sala ya safari kanisani. Jumapili hiyohiyo watu tisa wa kanisani walikuja nyumbani, wakala pilau, wakaunda kamati ya kuwasindikiza.

"Mkivunjika miguu huko, nani atawabeba?" aliuliza mwenyekiti.

Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri na sisemi.

Jikoni, Mama Mdogo alininong'oneza, "Mwanangu, nataka siku tatu tu na mume wangu."

Mwenyekiti alipouliza tarehe ya safari, nilisimama, nikataja ya wiki moja baada ya wao kurudi. Baba Mdogo aliinamia sahani yake. Kamati ikapitisha kwa makofi.

Bibi, najua uongo ni dhambi. Niombee, lakini si kanisani.

Mjukuu wako anayekukumbuka sana,
Neema