Mafuta ya karafuu kwenye dashibodi

Jumatano, baada ya Isha

Na bado inanata. Nimeisugua kwa sabuni, nikaisugua kwa ndimu, lakini alama za vidole vya mama mkwe, Bi Saada, zipo pale pale, zimezama kwenye plastiki ya dashibodi kama kwenye unga uliokandwa.

Gari yenyewe ya bei nafuu, sikutegemea makubwa. Lakini ilikuwa haijatimiza hata mwezi hapa Gando. Alhamisi iliyopita, nikiwa shuleni nasomesha, Bi Saada aliipaka mafuta ya karafuu ili ing'are na inukie. Plastiki ikalainika.

Mume wangu Hamad alinisihi nisimwambie mama yake kitu. Nikanyamaza, ila hata shikamoo yangu ikawa fupi. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata dashibodi.

Leo alasiri nimemkuta Bi Saada amekaa ndani ya gari, kipande cha mkeka kipo mapajani, ukindu wake bado mpya.

"Gari ya bodi la mbao ya marehemu mkweo ilikuwa ikiyanywa mafuta haya," akasema. "Hii yako haikuyanywa. Niliona siku ile ile, mwanangu, nikaona haya kukwambia."

Akautandika mkeka juu ya dashibodi. Umekaa sawasawa, hata matundu ya upepo ameyaachia nafasi. Sijui alipima saa ngapi.

Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia tu kwamba plastiki ya milango nayo ni nyembamba, jua la huku litaipasua.

Akanyoosha vidole, akaanza kuupima mlango kwa shubiri.