Jina Chini ya Tumbo la Farasi wa Kijivu

Kaka Shabani,

Tangu moyo wako usimame na wakusafirishe kwenu Tanga, sijamwandikia mtu barua. Kitanda chako kambini kapewa Mnepali, mpole, ila hatuelewani zaidi ya chai na sabuni. Kiswahili nazungumza na farasi wetu wa mbao tu.

Nao wamekwanguliwa, kaka. Msimamizi alisema bembea nzima ya kuzunguka, na farasi wake wote, ipakwe rangi upya kabla ya Idi, kuanzia kwenye mbao tupu. Ulizoea kuniambia ilifika Doha ikiwa kuukuu, kwa meli kutoka Ulaya. Nilipopiga msasa nikaamini. Chini ya nyekundu yetu ilitokea buluu, chini ya buluu kijani, kisha nyeupe iliyopasuka kama kisigino cha mkulima.

Yule wa kijivu nilimkwepa siku tatu. Chini ya tumbo lake uliandika MWANAIDI kwa brashi ndogo, jina la binti yako ambaye hukuwahi kumpakata. "Watoto wa watu wakipanda," ulisema, "na wangu yumo."

Unakumbuka nilivyomfunga farasi huyo kinyume kwenye nguzo yake? Ijumaa, siku ya familia, bustani imejaa, wenzake wote wanakwenda mbele, yeye kinyumenyume. Nilingoja unigombeze. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mwache, Yohana. Huyu anarudi kwao."

Jina la mwanao nimelifuta kwa mkono wangu. Nisamehe. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Lakini rangi yote ilipotoka, palepale, nikaona herufi zilizochongwa kwa kisu. Jina la mtu, lugha siijui. Kumbe alikuwapo fundi mwingine kabla yetu, labda naye mbali na kwao, na alijua kwamba rangi hufutwa. Msasa haukumweza.

Msimamizi alipokwenda kuswali nilichukua patasi. Mimi niliyeishia darasa la tano nilichonga polepole, nisikosee hata herufi moja: MWANAIDI. Pembeni ya huyo mtu. Sasa kuna rangi juu yake na hakuna anayeliona.

Leo tumeijaribu bembea kabla ya kufungua. Nilimpanda yule wa kijivu, kama ulivyokuwa ukifanya, mizunguko mitatu. Hakukuwa na mtu wa kucheka naye.

Lala salama, kaka. Likizo yangu ikitoka, kabla ya kufika kwetu Dodoma nitapitia Tanga. Nitamshika Mwanaidi kidole, nimchoree mchangani herufi zake zilivyokaa huku.

Mdogo wako,
Yohana