Betri ya Pikipiki kwenye Gari la Mtoto

Nekesa mjukuu wangu,

Hamjambo huko Bungoma? Huku Kitale tunapalilia mahindi, na nyanya yako amepona goti.

Unauliza kama gari la kuchezea la mwanao litabeba betri ya pikipiki. Litabeba. Lako nililiwekea ukiwa na miaka minne, hapa mtaani Tuwan. Lilitoka mbio kuelekea barabara ya lami. Nikakuita, "Toa mguu!" Ukatoa, ukaniangalia, na gari halikusimama. Swichi ya pedali ilikuwa imeungua kwa nguvu ya ile betri, ikashikana. Nilikufikia lami ikianza, nikakunyanyua pamoja na gari, magurudumu bado yanazunguka hewani. Wewe ukaniambia mimi babu yako, "Kuka, tena."

Mwendo niliuwaza wiki nzima. Kusimama sikukuwaza hata dakika moja. Badilisha swichi kwanza.

Kuka wako